NANI ALISIMULIA, NANI ALIANDIKA, NANI ALITIA JINA?

Somo juu ya wamama waliokusanya hadithi za wazee, na kazi inayotungoja sisi



Somo la namba hii ni juu ya hadithi za wazee: imigani, mafumbo, nyimbo za kulalisha mtoto, majina ya vilima na sababu ya majina hayo. Najua wengine wa darasa langu watasema: "Hayo ni mambo ya watoto, sisi tunatayarisha mtihani wa Leta." Ngojeni kidogo. Somo hili si la kuchekesha watoto. Ni juu ya kazi kubwa iliyofanywa na watu ambao majina yao hayasikiki, na wengi wao ni wamama. Tena ni juu ya kazi ambayo sisi hapa Bunagana tuko nayo mikononi, na saa inapita.

I. MANENO YA KUJUA KWANZA

Arshivu ni nyumba ya kutunzia maandishi, picha na sauti, kusudi watu wa kesho wazikute. Kukusanya hadithi ni kwenda kwa mwenye kuijua, kuisikiliza, na kuiandika au kuikamata kwa mashini ya sauti.

Sasa mushike jambo hili moja, kwa maana somo lote linasimama juu yake. Kila hadithi iliyoandikwa iko na watu watatu. Wa kwanza ni mwenye kusimulia. Wa pili ni mwenye kuandika. Wa tatu ni yule ambaye jina yake iko juu ya jalada ya kitabu. Mara ingine watatu hao ni mtu mmoja. Mara mingi ni watu mbalimbali, na anayekumbukwa ni wa tatu peke yake. Tutaona mifano miwili, mmoja wa kwetu Kongo na mmoja wa jirani.

II. MADAMI WA EPULU

Epulu iko katika msitu wa Ituri, kwenye barabara inayotoka Mambasa kwenda Niania. Tangu miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, Patrick Putnam, alikuwa na kambi pale kando ya mto, na nyumba ya dawa na nyumba ya wageni. Mwaka 1946 Anne Eisner aliondoka Marekani pamoja naye kuja Kongo, kisha wakaoana. Anne alizaliwa mwaka 1911. Kazi yake ilikuwa kuchora picha. Hakuwa profesa, hakutumwa na universite yoyote. Watu wa Epulu walimwita Madami, kwa kufuata neno la Kifaransa.

Madami alijifunza Kingwana, ndicho Kiswahili cha mashariki ya Kongo, mzazi wa hiki tunachosema sokoni. Alikaa na Wambuti na wanakijiji, hasa na wamama. Aliingia pamoja nao hata katika elima, ile sherehe ya wasichana wanaotoka utoto. Na alipokuwa pale aliandika hadithi ambazo Wambuti walisimulia. Hakuandika mbili au tatu: aliandika karibu 200.

Fikirini hesabu hiyo. Mwenye kuandika kwa mkono anajua kwamba hadithi moja ndefu inakula kurasa za kaye na kuumiza vidole. Mwenye kusimulia hangoji. Anaendelea tu, anacheka, anabadili sauti, wasikilizaji wanaingilia. Kuandika hadithi karibu 200 katika hali hiyo ni kazi ya uvumilivu wa miaka.

Patrick Putnam alikufa mwaka 1953. Mwaka 1954 Anne alitoa kitabu "Madami" pamoja na mwandishi wa magazeti, Allan Keller. Kitabu hicho kinasimulia maisha yake katika msitu. Lakini ule mzigo wote wa hadithi haukutoka kuwa kitabu wakati wa uhai wake.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 1951 kijana Mwingereza, Colin Turnbull, alifika Epulu mara ya kwanza. Alirudi tena kwa uchunguzi wa universite miaka ya 1957 na 1958. Mwaka 1961 alitoa kitabu "The Forest People", maana yake Watu wa Msitu, na kitabu hicho kilisomwa dunia nzima. Katika kazi zake juu ya Wambuti Turnbull alitumia pia maandishi ya Anne. Leo, ukitaja Wambuti mbele ya msomi, atakujibu: "Turnbull." Ukitaja Anne Eisner, wengi watauliza: "Huyo ni nani?"

Anne alikufa mwaka 1967. Karatasi zake ziko Marekani, katika maktaba ya Houghton ya Universite ya Harvard. Mwaka 2005, miaka 38 kisha kufa kwake, profesa Christie McDonald alitayarisha kitabu juu ya picha na maandishi yake, na hapo watu wakaanza kusema kwamba yule mchoraji alikuwa amefanya kazi ya mchunguzi wa kweli.

Sitaki mutoke hapa mukisema Turnbull ni mtu mbaya. Yeye naye alifanya kazi yake. Nataka muone tu namna jina inavyopotea: mmoja ana diploma, mwingine hana, mmoja anaitwa mtaalamu, mwingine anaitwa mke wa bwana wa kambi. Kaye ni zile zile.

Lakini kuna swali kubwa zaidi. Na wale Wambuti waliosimulia? Wale wazee na wale wamama waliokaa kando ya moto na kutoa hadithi hizo zote? Kama jina ya mwandishi ilisahauliwa, jina zao zilisahauliwa mara mbili. Ulizeni hapa shuleni nani anajua jina ya mmoja wao. Hakuna mkono utakaoinuka.

III. MRS FISHER, NG'AMBO YA MPAKA

Mfano wa pili uko Uganda, inchi ambayo sisi tunaiona kila siku tukitazama ng'ambo ya bariera. Mwaka 1900 dada mmoja Mwingereza, Ruth Hurditch, alifika kuwa mmisionari wa Kanisa la Anglikana, akafanya kazi Toro, karibu na milima ya Ruwenzori. Mwaka 1902 aliolewa na mmisionari A. B. Fisher. Tangu siku hiyo watu walimwita Mrs A. B. Fisher. Ona: hata herufi mbili za mwanzo si zake, ni za bwana wake.

Mwaka 1911 alitoa kitabu "Twilight Tales of the Black Baganda". Ndani mna hadithi za wafalme wa kale wa Bunyoro-Kitara, jinsi watu wa Bunyoro na Toro walivyozisimulia. Wafalme wawili wa wakati ule, Kasagama wa Toro na Andereya Duhaga wa Bunyoro, walimsaidia kuzipata. Ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa vilivyopiga chapa hadithi hizo. Miaka mingi kisha, mwaka 1947, mwana-inchi mwenyewe, John Nyakatura, akaandika historia ya wafalme wa Bunyoro kwa lugha ya kwao.

Katika kitabu cha Mrs Fisher tunajifunza mambo mawili. La kwanza: majina ya wafalme waliomsaidia yamebaki. Mkubwa akisimulia, jina yake haipotei. La pili: jalada linasema Baganda, na hadithi ni za Banyoro. Wanyoro na Waganda ni watu mbalimbali, tena zamani walipigana vita. Mwenye kusoma jalada peke yake anadanganyika. Basi kuandika fasi hadithi ilikotoka, na watu gani wanaisimulia, si kazi ya mapambo. Ni nusu ya ukweli wake.

IV. KWA NINI WAMAMA WANASAHAULIWA?

Nimefikiri juu ya jambo hili, nikaona sababu tatu.

Kwanza, kazi ya mama inahesabiwa kuwa msaada. Baba akiandika, watu wanasema anafanya uchunguzi. Mama akiandika, wanasema anapitisha wakati. Hata hapa kwetu ni vile: mzee mwanamume akisema juu ya mipaka ya shamba na majina ya machifu, watu wanaita hiyo historia. Mama akisimulia imigani jikoni, wanaita hiyo michezo ya watoto. Lakini ndani ya imigani hiyo muna njaa za zamani, muna ndoa, muna dawa, muna maneno ya Kinyarwanda cha Bwisha ambayo sisi vijana hatusemi tena.

Pili, jina ya mwanamke inabadilika. Anaitwa binti wa fulani, kisha mke wa fulani, kisha mama wa fulani. Kwetu mama anaitwa kwa jina ya mtoto wake wa kwanza, na ni heshima kubwa. Lakini mtu anayetafuta katika karatasi za miaka 60 iliyopita atamjuaje?

Tatu, wenye kukusanya hawakuuliza. Waliandika "imesimuliwa na mwanamke mzee", wakafunga kaye.

Na hasara si ya heshima tu. Hadithi bila jina ya mwenye kusimulia ni sawa na shahidi asiyejulikana mbele ya tribinali. Huwezi kumrudia kumuuliza: neno hili maana yake nini? Ulisikia kwa nani? Kwenu mnasema hivi hivi, au Kisoro wanasema namna ingine? Ukipoteza jina, umepoteza njia ya kurudi.

V. JINA INAWEZA KUBAKI

Wengine watasema ilikuwa desturi ya zamani tu. Sivyo. Hapa hapa Kivu ya Kaskazini, katika inchi ya Wanyanga upande wa Walikale, mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza mzee She-Karisi Rureke akiimba na kusimulia habari za Mwindo kwa muda wa siku 12. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, jina ya She-Karisi Rureke iliandikwa ndani. Na juu ya jalada, pamoja na Biebuyck, iko jina ya Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga wenyewe. Kwa hiyo inawezekana. Ni mapenzi tu.

Tena siku hizi wanawake wa Afrika hawangoji mgeni aje kuwaandikia. Mama Clémentine Faïk-Nzuji alizaliwa mwaka 1944 kule Tshofa, Kasai. Alianza kwa kutunga mashairi, kisha akawa mtaalamu wa lugha. Mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya mafumbo ya Waluba, na mwaka 1974 kitabu juu ya kasala, zile sifa za ukoo na za marehemu ambazo Waluba wanaziimba. Alifundisha Ubelgiji katika Universite ya Louvain, na mwaka 1986 alianzisha kule kituo cha lugha na desturi za Afrika. Kenya vilevile: mwaka 1983 Naomi Kipury alitoa kitabu juu ya hadithi, mafumbo na nyimbo za watu wake Wamasai. Hawa wanajua lugha ya mama zao. Wakiambiwa fumbo, wanacheka mahali pa kuchekea.

VI. WATOTO WA SHULE WALIFANYA

Labda musomaji atajibu: "Hao ni maprofesa. Sisi tuko watoto wa shule tu, hata biki ni ya kuazima."

Sikieni basi habari ya Ayalandi, kisiwa jirani cha Uingereza. Mwaka 1935 serikali ya kule ilianzisha kamisheni ya kukusanya hadithi za inchi. Wakusanyaji wake wa kudumu walikuwa wanaume watupu. Lakini mwaka 1937 na 1938 waliomba shule za msingi zisaidie. Watoto wa miaka 11 hadi 14 walitumwa nyumbani kuuliza wazee, kisha wakaandika katika kaye. Watoto zaidi ya 50,000, wavulana na wasichana, kutoka shule karibu 5,000, walifanya kazi hiyo. Mavuno yake ni kurasa karibu 740,000, na zinatunzwa mpaka leo. Katika kaye nyingi mtoto ameandika nani alimsimulia, umri wake na fasi anakaa. Kwa hiyo wamama wengi wazee ambao kamisheni haikuwaona wamo humo kwa majina yao, sababu mjukuu aliandika.

Mwenye miaka 11 aliweza. Sisi wa miaka 15 na 18 tutasema nini?

VII. KAZI YETU HAPA BUNAGANA

Mnajua ginsi inchi yetu ilivyo. Vita ilifika Bunagana Julai 2012, ikafika tena Juni 2022. Watu wengi walivuka mpaka kwenda Kisoro, wengine walishuka Rutshuru na Goma. Mtu akikimbia anabeba mtoto, godoro, sufuria, pengine mbuzi. Hakuna anayebeba hadithi, kwa sababu anafikiri iko kichwani na haina uzito. Lakini nyogokuru akifia mbali na kwao, katika kambi ambako wajukuu wametawanyika, hadithi inakwenda naye. Sokwe wa milima yetu wanahesabiwa mmoja mmoja na wengi wana jina. Nyogokuru zetu wenye kujua imigani, nani amewahesabu?

Rudini pia Epulu. Juni 2012 kituo cha Epulu kilishambuliwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Kama karatasi za Madami zingekuwa pale peke yake, pengine leo ni majivu. Kule Harvard ziko salama. Lakini mtoto wa Epulu akitaka kwenda kuzishika, anahitaji pasaporti, viza na tiketi ya ndege. Basi tusichague karibu au mbali. Tuandike nakala mbili: moja ikae karibu, moja ikae mbali.

Hizi ndizo kanuni ninazowapa kwa likizo hii. Zinakaa katika ukurasa mmoja wa kaye.

1. Omba ruhusa. Nyogokuru si mashini. Msaidie kwanza kuchambua maharagwe au kuteka maji, kisha uketi. Imigani ni za jioni. Usimlazimishe mchana akiwa na kazi.

2. Andika kwa lugha anayosimulia. Akisema Kinyarwanda, andika Kinyarwanda; akisema Kinande, andika Kinande. Kiswahili na Kifaransa vitakuja nyuma. Akianza fumbo kwa "Sakwe sakwe" na ninyi mukajibu "Soma", andika hayo pia. Jibu la wasikilizaji ni sehemu ya hadithi.

3. Usitengeneze. Kama Bakame ameiba, aibe. Usimtie tabia njema kusudi profesa afurahi.

4. Andika juu ya ukurasa: jina ya mwenye kusimulia, yaani jina aliyopewa yeye mwenyewe, si "mama fulani" tu, kilima alikozaliwa, umri, tarehe, na nani alimsimulia yeye. Chini kabisa andika jina yako, mwenye kuandika.

5. Lakini jina ni yake. Katika inchi ya vita, jina juu ya karatasi inaweza kuletea mtu shida. Uliza: "Nyogokuru, niandike jina yako, au niifiche?" Akikataa, heshimu. Kuficha jina kwa mapenzi ya mwenyewe si sawa na kuisahau.

6. Msomee. Ukimaliza, soma kwa sauti mbele yake. Atasahihisha. Pengine atakumbuka nyingine.

7. Nakala mbili. Moja kwako, moja kwa ndugu au rafiki anayekaa fasi ingine. Mwenye telefone apige picha kila ukurasa na kukamata sauti pia.

Wasichana wa shule, nasema nanyi kwa upekee. Ninyi ndio munakaa jikoni na nyogokuru wakati sisi wavulana tunakimbilia mpira. Munasikia vitu ambavyo sisi hatusikii. Musingoje mtu aje kuviandika, kisha atie jina yake. Nasi wavulana, tusione haya kuketi pale. Moto wa jikoni haubagui.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA KAYE

a) Watu watatu wa kila hadithi iliyoandikwa ni akina nani? Toa mfano wa Epulu.
b) Kwa nini neno "Baganda" juu ya jalada ya mwaka 1911 linapoteza msomaji?
c) Jina ya She-Karisi Rureke ilibaki. Jina za wasimulizi wa Epulu hazijulikani kwetu. Tofauti hiyo inatufundisha nini?
d) Jina aliyopewa mama ya mama yako siku alipozaliwa ni gani? Kama hujui, anza hapo.

Swali la mwisho halina alama. Lakini darasa langu lilipoulizwa, wenye kujibu mara moja walikuwa wachache kuliko vidole vya mkono mmoja. Wengine waliandika "Nyogokuru", wakaacha mstari mtupu. Likizo ni ya kujaza mstari huo.

Kaye zenu muzilete wiki ya kwanza ya masomo. Zile zilizoruhusiwa tutazichapa hapa, moja kwa kila namba, na jina ya mwenye kusimulia itatangulia jina ya mwenye kuandika.

Mkubwa wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, Bunagana